Maungu Hadi Ziwa Challa kwa Siku Moja: Maswali ya Kumuuliza Guide Kabla Mbogi Yenu Itoe Doo

Umeziona hizo video. Msee ako Mexico, amesimama mbele ya piramidi ya Wamaya pale Chichén Itzá, kofia kubwa, miwani ya jua, kidole kinaelekeza juu. Video inakata, sasa ako ndani ya shimo la mawe lenye maji ya bluu, anahesabu moja, mbili, tatu, anaruka. Tour ya siku moja, kikundi, guide, lunch ndani, imeisha hiyo. Na wewe uko Maungu kando ya barabara ya Mombasa, jua limewaka hadi mbuzi wamejificha chini ya trela, unawauliza mabeshte: kwani sisi hatuna yetu?

Iko, na haihitaji pasipoti. Mnatoka Maungu kukiwa bado na giza, mnapita Voi, Mwatate, Bura na Maktau, mnapanda kilima cha Salaita, mnacheki kasri la mzungu mmoja karibu na Taveta, halafu mnamalizia ukingoni mwa Ziwa Challa, pale Kilimanjaro inapoanzia. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 300. Magofu tunayo na maji tunayo.

Shida ni moja. Mawe hayaongei, na maji ndiyo kabisa. Ukienda bila mtu wa kukueleza, Salaita ni kakilima ka kawaida kenye miiba, na Challa ni dimbwi kubwa linalokaa freshi sana kwa kuogelea. Zote mbili zitakudanganya. Ya kwanza itakunyima stori. Ya pili inaweza kukumaliza. Ndiyo maana tunabonga leo kuhusu guide: kazi yake ni kukuonyesha kile macho yako hayaoni, na hapa chini kuna vitu vya kumuuliza.

Kwa nini Wamaya walijenga pale

Tuanze na hao Wamaya kidogo, juu wao wanatufungua macho. Sehemu ya kaskazini ya Yucatán haina mito ya maana juu ya ardhi. Mwamba wake ni wa chokaa, kwa hivyo mvua ikinyesha maji yanapenya chini na kuchimba mapango. Paa la pango likiporomoka, linaacha shimo lenye maji. Hayo mashimo yanaitwa cenote. Hapo ndipo watu walichota maji ya kunywa, na hapo ndipo walitupa sadaka wakimwomba mungu wao wa mvua. Miji ikajengwa kando yake. Hata jina Chichén Itzá maana yake ni mdomo wa kisima cha Waitzá. Kwa hivyo ile piramidi ya asubuhi na yale maji ya mchana ni stori moja: mji, na sababu ya mji kuwa pale.

Mtu wa Maungu hahitaji kuelezwa hiyo mara mbili. Bomba la Mzima linatoa maji ndani ya Tsavo West na kuyapeleka hadi Mombasa, na ukikaa huku unajua vile mitungi hupangwa foleni siku ambayo mfereji umekataa. Shika hiyo ya maji, tutaihitaji njiani.

Kabla dere awashe gari, geukeni kusini

Ule mlima uliosimama peke yake kule nyikani ni Kasigau, mita 1,600 na kitu. Wasee wengi wanaujua kwa vikapu, kwa kupanda mlima na kwa zile pesa za hewa ya ukaa. Guide mzuri ataanzia hapo, hata kama siku hiyo hamwendi huko.

Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa ndiyo inaanza, Wajerumani waliokuwa wanatawala Tanganyika walivuka mpaka wakachukua Taveta. Kutoka huko, vikosi vyao vidogo vilikuwa vinakatiza nyika kuja kulipua reli ya Mombasa na Nairobi, ile ya zamani inayopita hapa Maungu. Kasigau ikajipata katikati. Mwaka wa 1915 Wajerumani walivamia kituo cha Waingereza pale mlimani, na Waingereza wakaamua kwamba wenyeji ndio waliwauza. Adhabu haikuchagua. Wazee, kina mama, watoto, wote walitolewa kwao kwa nguvu wakapelekwa Malindi, kwenye joto na malaria ambayo mtu wa mlimani hakuwa ameizoea. Wengi walikufa huko. Waliobaki walikuja kurudi Kasigau miaka ya 1930.

Piga hesabu hiyo. Mtoto aliyeondoka akiwa amebebwa mgongoni, kama alibahatika kurudi, alirudi akiwa mtu mzima. Na hapo hamtapata gofu la kupigia selfie, juu kijiji kilichohamishwa hakiachi piramidi. Guide asipowaambia, mtaupita huo mlima mkisema tu "view noma".

Swali la kwanza: ni nani alihamishwa hapa, na kwa nini?

Voi: makaburi yenye majina, na wale wasio na majina

Voi kuna makaburi ya wanajeshi wa Jumuiya ya Madola. Ni mahali pametulia, mawe yamepangwa kwa mistari, kila moja limeandikwa. Mmoja wa waliolala hapo ni Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, kikosi chake kilishambuliwa. Alikuwa amejeruhiwa mguu, wenzake wakataka kumbeba, akakataa kuwaacha majeruhi wengine peke yao. Aliuawa akiwa nao. Alipewa Msalaba wa Victoria, ile tuzo kubwa kabisa ya ushujaa katika jeshi la Uingereza.

Mpeni heshima zake. Halafu mgeukie guide mumuulize: na wale waliobeba risasi, unga na maji ya huyu Luteni, wako wapi?

Hii ndiyo sehemu inauma. Vita vya huku havikupiganwa kwa malori. Magari yalikuwa machache, farasi na punda walikufa kwa mbung'o, kwa hivyo mzigo ulipanda kichwani mwa mwanadamu. Waingereza waliandikisha wapagazi kwa mamia ya maelfu, wengi kwa lazima, kwenye kile kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Ukiwa Nairobi na makanga anaita "Kariokor!", ama ukiwa Dar na watu wanaenda kununua nguo Kariakoo, hilo ni jina la hicho kikosi, limepita midomoni mwa watu mpaka likawa letu. Risasi haikuua wengi wao. Walimalizwa na kuhara, malaria, njaa na kuchoka.

Aprili 2021, ile tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti kuhusu makosa yake yenyewe. Ripoti ilisema watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakuwekewa kumbukumbu ya majina yao ama hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wakati huo, Ben Wallace, aliomba msamaha bungeni. Msamaha ulikuja miaka zaidi ya mia moja baadaye, wakati hakuna hata mjane wa kuusikia.

Kwa hivyo ukisimama Voi, soma majina, kisha fikiria mistari mingapi ingeongezwa. Kama una guka ama babu mkubwa ambaye nyumbani husemwa tu "alienda vita hakurudi", huenda unatafuta mtu ambaye hakuandikwa popote.

Maktau na Salaita: kilima kilichodanganya majenerali

Mkitoka Voi mnafuata lami ya Taveta. Pembeni kuna reli, na hiyo reli ilianza kama reli ya vita. Waingereza waliitandaza kutoka Voi, na kufikia katikati ya 1915 ilikuwa imefika Maktau, penye walijenga kambi kubwa. Maktau haina mto, kwa hivyo maji yaliletwa kwa bomba kutoka milima ya Bura. Si unaona? Ni ile stori ya Wamaya tena. Hakuna aliyeweza kukaa hapa bila kwanza kujua atakunywa nini.

Mbele kidogo guide anaweza kuwaonyesha mbuyu mnene na kuwaambia kwamba mwanamke wa Kijerumani alijificha ndani akidungua wanajeshi mmoja mmoja. Ni stori tamu, na inasimuliwa sana kwa hii barabara. Guide mwaminifu atawaambia kwamba hiyo ni hadithi ya watu, tofauti na kitu kilichoandikwa kwa rekodi. Akiiapia kama Injili, anza kumshuku na kwa mengine.

Sasa Salaita. Ukiiona utacheka. Ni kilima kifupi, hata mtu wa kitambi anakipanda. Lakini kilikuwa kimekaa katikati ya njia ya kwenda Taveta, na Wajerumani walikuwa juu yake. Tarehe 12 Februari 1916, jeshi la Waingereza likiongozwa na Jenerali Malleson lilikuja na askari wapatao 6,000, wengi wakiwa Makaburu na Waingereza wa Afrika Kusini ambao ndio walikuwa wamefika juzi tu. Mizinga ikapiga kileleni, penye mahandaki yalikuwa yanaonekana wazi. Kumbe hayo ya juu yalikuwa ya kuzuga. Mahandaki ya ukweli yalikuwa chini, miguuni mwa kilima, yamefichwa kichakani. Askari wa Afrika Kusini walipokaribia wakidhani adui ameshapondwa, walipokelewa na bunduki za rashasha. Zaidi ya 130 kati yao waliuawa, kujeruhiwa ama kupotea, na waliobaki wakarudi nyuma mbio.

Waliowafunika wakati wa kurudi nyuma ni kikosi cha Wahindi, wale wa 130th Baluchis. Hao ndio Waafrika Kusini walikuwa wamewadharau kambini wakiwaita makuli. Inasimuliwa kwamba baada ya vita Baluchi walichukua bunduki ya rashasha iliyokuwa imeachwa uwanjani, wakairudisha kwa wenyewe pamoja na barua fupi ya adabu, wakiomba hilo jina lisitumike tena. Hiyo ndiyo inaitwa kuchanwa bila kelele.

Waingereza walikuja kuipata Salaita mwezi uliofuata, chini ya Jan Smuts, baada ya Wajerumani kuondoka. Kisha ikafuata vita ya vilima vya Latema na Reata, Machi 11 na 12, na Taveta ikarudi mikononi mwao.

Kitu cha kufanya Salaita: panda hadi kileleni, piga picha, lakini usiishie hapo. Mwambie guide awashushe chini awaonyeshe mahandaki yalikuwa wapi. Akiwaacha juu tu, amewafanyia kile Wajerumani walimfanyia Malleson.

Na tafadhali, ukiona ganda la risasi, liache. Sheria ya makavazi na urithi ya 2006 hairuhusu kuokota vitu vya kale ovyo. Na ukiona chuma chenye shepu ya bomu, usikiguse, usikipige teke, mwite guide. Vita viliisha 1918 lakini baruti haina kalenda.

Kasri la Grogan: mzungu, ngazi na mashamba

Karibu na Taveta kuna jumba limekaa juu ya kilima kama limetoka kwa sinema. Lilijengwa miaka ya 1930 na Ewart Grogan, yule mlowezi aliyejulikana kwa kusafiri kutoka Cape hadi Cairo, sehemu kubwa kwa miguu. Watu humkumbuka kwa hospitali ya watoto ya Gertrude's kule Nairobi, yenye jina la mkewe. Wachache hukumbuka kwamba mwaka wa 1907 yeye na wenzake waliwachapa viboko Wakikuyu watatu hadharani, mbele ya korti ya Nairobi, na akafungwa kwa hilo.

Kutoka juu pale unaona mbali sana, na mengi ya unayoona yalikuwa mashamba yake, mkonge kwa maelfu ya ekari. Muulize guide swali hili ukiwa umesimama kwenye ngazi: haya mashamba yalikuwa ya nani kabla, na baada yake yalienda kwa nani? Taveta kuna familia ambazo zimeishi kama maskwota vizazi baada ya vizazi, kwa hivyo jibu la hilo swali liko hai, linatembea na linalipa karo. Pia mjue hiyo ni mali ya mtu. Pigeni simu mapema, msijitokeze tu getini watu kumi na wanne na spika.

Challa: picha ndiyo, kuruka zii

Sasa tumefika penye kila mtu alikuwa anangoja. Ziwa Challa liko ndani ya mdomo wa volkano ya zamani, kwenye mteremko wa mashariki wa Kilimanjaro. Unatembea tu, nyasi na mawe, halafu ghafla ardhi inaisha na chini kabisa kuna maji yanayobadilika rangi na jua, saa zingine bluu, saa zingine kijani. Mpaka wa Kenya na Tanzania umepita katikati yake.

Hakuna mto mkubwa unaoingia, na hakuna unaotoka. Mvua inayonyesha huko juu Kilimanjaro inazama ardhini, inasafiri chini kwa chini, na kutokea hapa. Ndiyo cenote yetu hiyo, tofauti ni kwamba yao ilichimbwa na maji ndani ya chokaa, yetu ilichimbwa na moto. Kina chake kinapita mita 90. Chini ya hayo maji kuna tope ambalo limekuwa likijipanga tabaka juu ya tabaka, na mwaka wa 2016 wanasayansi walitoboa zaidi ya mita 200 za hilo tope ili kusoma mvua na ukame wa miaka kama laki mbili na nusu iliyopita. Na kuna aina ya samaki, ngege wa Challa, ambaye asili yake ni hili ziwa pekee duniani.

Sasa sikiza vizuri. Mwaka wa 2002 msichana wa miaka 18 kutoka Uingereza aliingia kuogelea humu na mabeshte zake. Aliuawa na mamba. Hakuwa mjinga. Alikuwa na kikundi, maji yalikuwa yametulia, na mahali pazuri hapakai kama mahali pa kufia.

Hata ukimtoa mamba kwa hiyo hesabu, shepu ya ziwa yenyewe ni ngori. Kuta za kreta hazisimami zikifika kwenye maji, zinaendelea kushuka. Hakuna ufuo wa kutembea polepole hadi kiunoni. Hatua mbili na uko kwenye kina. Hakuna mlinzi wa waogeleaji. Na njia ya kurudi juu ni mawe matupu, kwa hivyo hata kumbeba mtu aliyezimia ni kazi ya nusu saa na zaidi, kabla hamjafikiria hospitali.

Usiniambie ati umeona mvuvi akiwa ndani. Mvuvi anajua ziwa lake, anajua saa na kona. Wewe umekuja na slippers na simu ya kuchukua video.

Swali la mwisho kwa guide, na hili uliza kabla hamjalipa: tutaogelea Challa? Akijibu "mkitaka tu", tafuteni mwingine. Guide wa ukweli anajua kusema la, hata kama wewe ndiye mwenye doo. Mkitaka kuogelea, wekeni dimbwi la hoteli kwenye mpango wa jioni Voi, penye unaweza kuona sakafu.

Ratiba na hesabu

Ondokeni Maungu saa kumi na moja asubuhi. Voi kwa makaburi saa kumi na mbili na nusu, Maktau kabla jua likali, Salaita ifike saa tatu ama nne, kasri saa sita, chakula Taveta, Challa saa nane. Saa kumi mkiwa mmeanza kurudi. Hiyo barabara inakatiza Tsavo West, na ndovu havuki kwa zebra. Giza likiwapata huko, dere hataona kitu cha kijivu mpaka akiwe kimeshafika kwa boneti.

Pesa: msilipe guide kwa kichwa kabla ya kuuliza bei ya gari nzima. Mfano wa hesabu tu, tuseme gari na mafuta ni thao kumi na nne na mko kumi na wanne, kila mtu ni thao moja, halafu mnaongeza guide, viingilio na msosi. Wakihepa wanne asubuhi hiyo, waliobaki ndio wanaumia. Kusanyeni yote siku mbili kabla, na anayeshika asiwe ndiye anayependa kubeti. Mkitaka kutoka kwa lami na kuingia ndani ya hifadhi, hiyo ni ada ya KWS, tofauti.

Bebeni kitambulisho, juu huko ni mpakani na polisi watauliza. Zimeni data mkikaribia Challa, simu hudaka mitandao ya Tanzania na kumeza salio kimya kimya. Vaeni viatu vilivyofunika vidole. Na maji, kila mtu lita tatu za kwake, asitegemee za mwenzake.

Halafu jioni mkirudi, mapicha yakianza kupostiwa ndani ya gari, fanya hivi. Ile ya kileleni Salaita, usiweke "vibe noma" peke yake. Andika jina la kilima, tarehe 12 Februari 1916, na neno moja: Kariokor. Kuna mtu Nairobi hupita hapo kila siku na mathree, na hajawahi kuambiwa.